Kwa Nini Majike wa Kipepeo Dardanus Hawafanani

Dume wa Papilio dardanus hamsumbui mtu. Ni kipepeo mkubwa wa manjano hafifu, mabawa yana kingo nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Ukishamjua katika msitu wa Kakamega, utamtambua Usambara, utamtambua Arabuko-Sokoke, na hata Afrika Kusini hatakupotea. Kazi iko kwa jike. Yupo jike mweusi mwenye mabaka mapana meupe. Yupo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele zikiwa nyeusi na zimekatizwa na utepe mweupe. Yupo mweusi mwenye vidoa vya manjano iliyopauka. Sehemu kubwa ya bara, majike hawa hawana mkia kabisa. Sura zilizopewa majina na wataalamu zinapita kumi, na mama mmoja anaweza kutaga mayai yatakayotoa mabinti wa sura mbili au tatu, huku watoto wake wa kiume wote wakifanana na baba yao.

Haishangazi kwamba watu wa makumbusho za Ulaya waliwapanga majike hawa kwenye visanduku tofauti na kuwapa majina ya spishi tofauti. Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, aliandika kwamba wote hao ni wake wa dume yuleyule wa manjano. Wapo wakubwa wa fani waliolikataa wazo hilo. Lakini mayai ya jike mmoja yalipokuja kulelewa hadi vipepeo kamili, ubishi ukaisha.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na ndilo linalonivuta mimi kwa kipepeo huyu kuliko mwingine yeyote wa Afrika: sura zote hizo zimetoka wapi, na zinarithiwaje bila kuchanganyika?

Anayeigwa na anayeiga

Mweke jike mweusi mwenye mabaka meupe kando ya kipepeo mwingine wa msituni, Amauris niavius, na utaona wanafanana kama waliokusudiana. Yule wa rangi ya chungwa anafanana na Danaus chrysippus, kipepeo anayeonekana kila mahali Afrika Mashariki, kuanzia mashambani hadi kando ya barabara. Yule wa vidoa anafanana na Amauris echeria. Vipepeo hawa wanaoigwa si ndugu wa karibu wa dardanus. Wanachoshirikiana wao kwa wao ni ladha mbaya. Viwavi wa chrysippus hula mimea yenye utomvu mweupe, ambayo mingi ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na sumu hiyo inaweza kubaki mwilini hadi kiwavi anapokuwa kipepeo. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Lincoln Brower aliwalisha ndege vipepeo wa aina ya Danaus plexippus, ndugu wa chrysippus, waliokuwa wamekulia kwenye mimea ya namna hiyo. Ndege walitapika baada ya dakika chache, na baadaye wakawakataa vipepeo wa sura ile hata kabla ya kuwaonja.

Dardanus hana sumu hiyo. Jike wake anaishi kwa mkopo wa jina baya la mwenzake. Uigaji wa namna hii ulielezwa kwanza na Mwingereza Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya miaka 11 katika misitu ya Amazon.

Hapa watu wengi hupotea njia, kwa hiyo tusimame kidogo. Hakuna kipepeo aliyemtazama chrysippus akaamua kufanana naye. Hakuna jike aliyebadilika rangi maishani mwake. Kilichotokea ni kwamba katika vizazi vingi walizaliwa majike wenye tofauti ndogondogo za kurithi, na wale ambao ndege alisita kuwakamata, japo kwa nukta moja, walipata muda wa kutaga mayai zaidi. Ndege ndiye aliyekuwa akichagua, naye hakujua anachagua nini. Alikuwa anatafuta chakula cha mchana.

Ushahidi kwamba jicho la ndege ndilo linalosimamia kazi hii unapatikana ukilinganisha mahali na mahali. Madagaska na Komoro, majike wa dardanus wamebaki na sura ya dume, manjano na mikia yao. E. B. Ford, mwanabiolojia wa Uingereza, alilinganisha vipepeo waliokusanywa Entebbe, Uganda, na waliokusanywa karibu na Nairobi. Entebbe, ambako wanaoigwa walikuwa wengi, majike wa dardanus walikuwa wameiga kwa usahihi mkubwa. Karibu na Nairobi, ambako wanaoigwa walikuwa adimu, walionekana majike wengi wa sura za kati, wasiofanana vizuri na yeyote. Ndege asiye na kumbukumbu mbaya ya kumkataza humla mwigaji mzuri sawa na mwigaji mbovu.

Hilo pia linasaidia kueleza wingi wa sura. Ulaghai hufanya kazi vizuri zaidi pale walaghai wanapokuwa wachache kuliko wenye sumu halisi. Sura moja ya dardanus ikizidi, ndege wataonja wengi watamu na kuacha kuiogopa rangi ile. Wakati huo jike wa sura nyingine, iliyo adimu, ana nafuu. Ikizidi hiyo nayo, nafuu inahamia kwingine. Hivyo sura kadhaa zinaweza kuishi pamoja muda mrefu bila moja kuzimaliza nyingine.

Na dume? Kwa nini yeye haigi? Maelezo mawili yana nguvu. Jike amebeba mayai mazito, huruka polepole na hutumia muda mrefu akikagua majani, kwa hiyo hatari yake ni kubwa. Dume naye hutambuliwa na majike, na pengine na madume wenzake, kwa sura yake ya asili, na kuibadilisha kungemgharimu ndoa. Mimi naona yote mawili yana uzito; si lazima moja lifute jingine.

Herufi H

Fikiria ugumu wa kurithi sura kama hii. Jike wa rangi ya chungwa anahitaji chungwa lenyewe, ncha nyeusi, utepe mweupe, na umbo sahihi la kila kimoja. Kama kila sehemu ingekuwa na jeni yake, na jeni hizo zikichanganyika upya kila kizazi, wangezaliwa mabinti wenye chungwa la huyu na madoa ya yule. Mseto kama huo haufanani na kipepeo yeyote mwenye sumu, na ndege angemla mara moja. Lakini katika msitu ambako sura hizo zimezoeana, miseto hiyo ni nadra. Kuna kitu kinachozishikilia pamoja.

Waliofungua fundo hili ni Cyril Clarke, daktari wa binadamu mjini Liverpool aliyekuwa akifuga vipepeo, na Philip Sheppard, mtaalamu wa jenetiki. Katika miaka ya 1950 na 1960 walizalisha vipapilio, yaani vipepeo wa ukoo wa dardanus, kwa mkono. Unamshika dume kwa vidole vya mkono mmoja, mabawa yakiwa yamefungwa, unamshika jike kwa mkono wa pili, kisha unakutanisha ncha za matumbo yao mpaka dume amkamate jike na kushikamana naye. Kwa njia hiyo ungeweza kuoanisha kipepeo wa Afrika Kusini na wa Madagaska, jambo ambalo porini haliwezekani.

Walichokiona ni kwamba karibu mambo yote ya rangi ya jike yanarithiwa kutoka sehemu moja ya kromosomu. Waliiita H. Sehemu hiyo ina matoleo mengi, na matoleo hayo yana ukubwa na udogo: yakikutana mawili katika jike mmoja, moja hutawala na jingine hunyamaza. Toleo la mabaka meupe, liitwalo hippocoon, liko chini kabisa. La vidoa, cenea, liko juu yake. La chungwa, trophonius, liko juu ya hayo mawili. Sasa chukua mama mwenye trophonius na hippocoon. Yeye ataonekana wa chungwa. Mwoanishe na dume mwenye cenea na hippocoon. Yeye ataonekana wa manjano tu, kwa maana dume hubeba matoleo hayo bila kuyavaa. Kwa wastani nusu ya mabinti watakuwa wa chungwa, robo wa vidoa na robo wa mabaka meupe. Wana wa kiume wote wa manjano. Hapo ndipo kisa cha mama mmoja na mabinti wa sura tatu kinapoeleweka.

Mkia una jeni yake nyingine, nje ya H. Tena Clarke na Sheppard walipooanisha vipepeo wa maeneo yaliyotengana sana, utawala ule safi ulivurugika na mabinti wakatoka na sura za kati zisizoeleweka. Maana yake ni kwamba H haifanyi kazi peke yake. Katika kila eneo jeni nyingine nyingi zimenolewa taratibu ili matoleo ya pale yatokee safi, na ukiyahamishia kwenye damu ngeni, makali hayo yanapotea.

Sina budi kutaja jambo moja la pembeni. Clarke na Sheppard waliona kwamba makundi ya damu ya Rhesus yanarithiwa kwa namna inayokumbusha jeni za vipepeo wao zilizoshikamana. Udadisi huo ulilisogeza kundi la Liverpool kwenye utafiti uliochangia kupatikana kwa sindano ya anti-D, ile wanayochomwa akina mama wenye damu hasi ili kinga yao isimdhuru mtoto wa mimba inayofuata. Anayeuliza vipepeo vina faida gani aanzie hapo.

DNA yenyewe ilisomwa baadaye sana. Utafiti uliotoka mwaka 2014 uliibana H hadi eneo lenye jeni iitwayo engrailed na jirani yake invected. Engrailed ni jeni ya kale. Kwa nzi wa matunda inajulikana kwa kazi tofauti kabisa: kugawa mwili wa kiinitete katika vipingili na kuonyesha nusu ya nyuma ya bawa ni ipi. Haina rangi ndani yake. Hutengeneza protini inayoshika DNA na kuamuru jeni nyingine ziwake au zizime. Unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ni magamba, na kila gamba limetengenezwa na seli moja, kwa kawaida likiwa na rangi moja. Mchoro mzima wa bawa ni maelfu ya maamuzi ya seli mojamoja wakati kipepeo bado yumo ndani ya pupa. Kwa hiyo jeni ya kuamuru, ikiamuru mapema na mahali tofauti, inaweza kubadilisha bawa zima kwa pigo moja.

Na katika baadhi ya sura, kwa mfano ile iitwayo planemoides, kipande cha kromosomu karibu na engrailed kimegeuzwa, mwisho ukawa mwanzo. Kipande kilichogeuzwa hakibadilishani sehemu kwa urahisi na mwenzake asiyegeuzwa, kwa hiyo yaliyomo ndani yake husafiri pamoja kizazi hadi kizazi. Ndiyo njia mojawapo ya kuzuia miseto isiyofaa. Ajabu ni kwamba Papilio polytes wa Asia, ambaye majike wake nao huiga, amefika kulekule kwa kutumia jeni tofauti, doublesex, ambayo kazi yake ya kawaida ni kutofautisha dume na jike. Ukoo mmoja, tatizo moja, na mageuko yameokota kifaa tofauti kila mara.

Macho, miguu na harufu

Mpaka hapa tumewazungumzia ndege kama ndio watazamaji pekee. Kipepeo naye anatazama, na dunia yake si hii yetu. Jicho la mwanadamu lina aina tatu za seli za kupokea rangi. Papilio xuthus wa Japani, ndugu wa dardanus, ana angalau sita, zikiwemo za urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni. Kwa Graphium sarpedon, kipepeo wa ukoo huohuo anayeishi Asia, mwaka 2016 zilihesabiwa aina 15. Tusidanganyike na hesabu, hata hivyo: majaribio ya xuthus yanaonyesha kwamba katika kutofautisha rangi anategemea aina nne tu. Nyingine huenda ni za kazi maalumu, kama kukamata kinachokwenda mbio angani.

Xuthus huyohuyo ana vipokea mwanga mahali usipopatarajia: kwenye ncha ya tumbo, kando ya viungo vya uzazi. Mtafiti Kentaro Arikawa alionyesha kwamba dume huvitumia kuhakikisha amejiunga sawasawa na jike, na jike huvitumia kujua kama kiungo chake cha kutagia kimetoka vizuri kabla ya kuweka yai.

Jambo linaloweza kuonekana nyumbani ni hili. Mwenye mlimau au mchungwa uani amsubiri Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa ya manjano. Jike anapotua, hakai. Huku mabawa yakiendelea kutetemeka, anaupiga uso wa jani kwa miguu ya mbele haraka haraka, kisha ama anaondoka, ama anapinda tumbo na kuacha yai moja la mviringo. Yale mapigo ni kuonja. Miguuni mna vinyweleo vya ladha, na kwa xuthus wanasayansi wa Japani waliripoti mwaka 2011 kipokezi kinachotambua kemikali iitwayo sinefrini, iliyomo kwenye majani ya jamii ya michungwa. Dardanus naye hutaga kwenye mimea ya jamii hiyo, mingi ikiwa ya porini. Wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo pale Gede, Kenya, wanaijua kanuni hii kwa vitendo: bila mmea sahihi, jike hatagi.

Chrysippus anatuonyesha upande wa harufu. Dume wake hutafuta mimea iliyonyauka ya jamii ya marejea na ya Heliotropium, akafyonza kemikali zake chungu. Kutokana nazo hutengeneza manukato anayompepea jike wakati wa kumtongoza, kwa vishada vya vinyweleo vinavyochomoza mwishoni mwa tumbo. Dume asiyepata mimea hiyo ni dume asiye na harufu.

Na si kila tofauti ya sura inatoka kwenye jeni. Bicyclus anynana ni kipepeo mdogo wa kahawia wa Afrika Mashariki na Kusini. Wale wanaofugwa katika maabara nyingi duniani walitokana na vipepeo waliochukuliwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Kiwavi akikua katika joto la masika, kipepeo hutoka na madoa makubwa ya mfano wa macho kwenye kingo za mabawa. Akikua katika baridi inayotangulia kiangazi, madoa hayo hupungua sana, na kipepeo hufanana na jani kavu analolalia. Jeni ni zilezile. Joto hubadilisha muda wa homoni ndani ya pupa, na homoni hubadilisha ukubwa wa doa. Wakati wa mvua, wadudu walao wenzao hulishambulia lile doa la ukingoni, kipepeo akapoteza kipande cha bawa badala ya kichwa. Wakati wa ukame, bora asionekane.

Chrysippus wa Nairobi

Nimemwacha chrysippus mwisho kwa sababu kisa chake kinavuruga kila kitu. Kipepeo mwenye sumu anategemewa awe na sura moja kila mahali, ili ndege wajifunze somo moja. Chrysippus hana. Kaskazini-mashariki mwa Afrika anaonekana asiye na ncha nyeusi, kwingineko anazo. Maeneo ya Nairobi sura hizi hukutana na kuoana. Jeni za rangi zao ziko kwenye kromosomu ya 15.

Hapohapo Nairobi majike wengi huzaa mabinti watupu. Sababu ni bakteria wa aina ya Spiroplasma, aliyegunduliwa ndani ya chrysippus mwaka 2000. Hurithiwa kwa mama peke yake, kupitia yai. Mwana wa kiume kwake ni njia isiyo na mbele, kwa hiyo humuua angali ndani ya yai, na dada zake hubaki na chakula zaidi.

Ili kuelewa yanayofuata, kumbuka kwamba kwa vipepeo mambo ni kinyume cha kwetu: jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W, na dume ana Z mbili. W hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Katika ukoo huu wa Nairobi, W imeungana na nakala moja ya kromosomu ya 15. Na kwa kuwa majike wa vipepeo hawabadilishani vipande vya kromosomu wanapotengeneza mayai, nakala hiyo hupita nzima kutoka kwa mama hadi binti, pamoja na bakteria. Bakteria ameenea, na W yenye rangi imeenea naye, bila kujali kama rangi ile ina faida yoyote mbele ya ndege.

Nakala nyingine ya kromosomu ya 15, ile ambayo binti aliipata kwa baba yake, inabaki na Z. Binti akizaa, nakala hiyo inaweza kwenda kwa mtoto wa kiume tu, na huyo hufia ndani ya yai. Dume aliyetoka mbali, akapandana na jike wa ukoo huu, anawaachia mabinti zake alama ya rangi yake, na kromosomu yake ya 15 inakomea hapo, wajukuu hawaipati.